Itoe Rangi Tu

Siku hizi picha ikiharibika haifutwi. Inatolewa rangi, inaitwa sanaa. Uso umetoka wa kijani kwa taa za duka la chipsi? Nyeusi na nyeupe. Anga imeungua? Nyeusi na nyeupe. Na yule mzee wa watu anayesubiri kahawa yake barazani Mji Mkongwe, mikunjo yake imepigwa picha kuliko jumba la Beit al Ajaib. Angelipwa kwa kila mkunjo, angeshalikarabati jumba hilo peke yake. Kuna hata wanaopiga picha za kanga bila rangi. Kanga! (Biriani sijui wataifanyaje.)

Mwaka 1927, mbele ya jabali la Half Dome huko California, mpiga picha Ansel Adams alianza na filta ya njano, akaona anga itatoka hafifu. Akavisha lenzi filta nyekundu, inayozuia bluu, na anga ikatoka karibu nyeusi. Weusi ule aliuamua kabla ya kufyatua. Seydou Keïta wa Bamako naye alitundika shuka la kitanda ukutani, akategemea jua, na kwa kawaida alipiga mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Maua ya shuka na maua ya gauni la mteja yanagombana mpaka leo, na yote unayaona. Kumbe hata kanga ingewezekana, kwa mwenye macho.

Wewe, kaka yangu, umefyatua tangu asubuhi, zote kwa flashi ya usoni, halafu wanitoa wasiwasi: "Nitazitoa rangi." Haya. Kivuli utakitoa wapi?