Chupa Yenye Namba Kama Daladala



Huku Italia, wapendwa wa nyumbani, mvinyo una namba kama daladala. Shingoni mwa kila chupa ya Barolo kuna kikaratasi cha serikali chenye namba yake, na sheria inaamuru mvinyo huo utimize miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ukiwa ndani ya pipa la mbao. Ukitaka kuitwa Riserva, ni miezi 62. Brunello ya Montalcino, kule Toscana, haitoki ghalani mpaka Januari 1 ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuchuma zabibu atakuwa tayari yuko chekechea. Na baada ya ulinzi wote huo, Mtaliano anasema usiunywe mtupu, sharti pawe na nyama! Mimi niliyevuka bahari nikiamini mvinyo ni soda iliyochacha, leo nawatetea Wataliano: wana haki, na sisi ndio tuliopaswa kuwaelewa mapema kuliko wageni wengine wote.

Ushahidi umo birikani mwenu. Chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi hukausha ulimi kana kwamba umelamba gome la mti. Kinachofanya hivyo ni tanini, inayonasa protini za mate na kuondoa utelezi mdomoni. Mkitia maziwa, tanini hupata protini nyingine ya kung'ang'ania, na ulimi unasalimika. Nebbiolo, zabibu ya Barolo, imejaa tanini, na nyama ndiyo maziwa yake. Ndiyo maana watu wa mkoa wa Piemonte huitokosa nyama ya ng'ombe polepole ndani ya Barolo yenyewe, na wa mji wa Firenze huweka mvinyo wa Chianti kando ya bistecca, pande nene la nyama na mfupa wake juu ya makaa. Ni nyama choma hiyo, jamani, ila haina kachumbari wala mtu wa kugombania naye mfupa. Mvinyo wa namna hii haukukusudiwa kujitosheleza, kama ugali usivyojitosheleza bila mboga. Watoscana huoka hata mkate usiotiwa chumvi kabisa. Mgeni hudhani mwokaji amesahau. Mla ugali anajua kwamba chumvi inangojwa kwenye kitoweo.

Mtasema hizi ni mbwembwe za wenye pesa, na kikaratasi ni karatasi tu. Hoja hiyo ina uzito. Sassicaia ya mwaka 1968, mvinyo wa Toscana, iliuzwa kwa daraja la chini kabisa, mvinyo wa mezani, kwa kuwa ilitokana na zabibu za asili ya Ufaransa ambazo kanuni za Toscana hazikuzipa nafasi. Dunia ikaisifu, na mwaka 1994 serikali ikaiingiza kwenye kanuni kwa jina lake. Basi kikaratasi huthibitisha asili, hakithibitishi utamu. Lakini hoja hiyo imeangusha karatasi, haijaangusha sahani, maana Sassicaia nayo ina tanini, nayo inadai nyama. Mwingine wa pwani atauliza, na samaki je? Kanuni inayokataza mvinyo mwekundu na samaki huvunjwa na Wataliano wenyewe: mjini Livorno, mchuzi mzito wa samaki uitwao cacciucco hunywewa na mvinyo mwekundu, kwa sababu una nyanya nyingi, na uchachu wa nyanya hupatana na uchachu wa Sangiovese, zabibu ya mvinyo huo. Kinachoangaliwa ni kilichomo sufuriani, rangi ya mvinyo baadaye.

Mpaka upo, hata hivyo. Mvinyo uitwao Amarone hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa kwa miezi kadhaa, na kileo chake huvuka asilimia 15 bila shida. Kileo huchochea ukali wa pilipili. Amarone ikikutana na pilipili mbuzi, anayeungua ni mnywaji.

Kwa hiyo anayekunywa, mvinyo mwekundu wa Dodoma auonje mtupu, kisha auonje na mshikaki, aamue mwenyewe. Asiyekunywa achemshe chai mpaka iwe nyeusi, kisha atie maziwa. Somo ni lile lile. Na atakayepata safari ya kuja huku, asinunue zawadi uwanja wa ndege. Aniletee majani ya chai.