Robin Si Chawa

Jana jioni, kahawa ikiwa raundi ya pili, kijana mmoja wa bodaboda alitamka neno lililonifanya nirudishe kashata kwenye sahani. Walikuwa wanabishana habari za mashujaa wa Marekani, nani anampiga nani, na ubishi ulipofika kwa Batman, kijana akasema, "Yule Robin wake ni chawa tu." Benchi zima likacheka. Mimi nikasonya, msonyo mrefu mpaka muuza kahawa akageuka kunitazama.

"Mwanangu," nikamwambia, "hilo neno lirudishe."

Chawa tunamjua wote. Chawa anakaa kichwani mwa mwenye nacho, anasifia viatu vyake, anajibu matusi kwa niaba yake, na jioni anaondoka na chake mfukoni. Chawa ananyonya. Nionyesheni siku moja Robin alipomnyonya Batman! Hamtaipata. Ukifuatilia habari za hawa wapambe wa mashujaa, kwenye hadithi na hata nyuma ya hadithi, mezani kwa wachoraji, utakuta wao ndio walionyonywa. Hilo ndilo limenikaa kooni tangu jana, na leo nalitema.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuliwagawa watu wa filamu mafungu matatu: stelingi, adui, na rafiki yake stelingi. Stelingi hafi, hiyo ilikuwa sheria. Rafiki yake, tukimwona tu anatoa picha ya mchumba mfukoni, tulishajua huyu hafiki mwisho wa mkanda. Na tulikubali! Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza kwa nini risasi inamjua yeye tu. Siku hizi ndiyo nauliza.

Turudi mwanzo. Batman alitoka mwaka 1939, peke yake, mtu wa usiku, mtu wa kununa. Bill Finger, mwandishi wa hadithi zake, akakwama. Shujaa asiye na mwenzake atazungumza na nani? Ataongea na ukuta? Sherlock Holmes alikuwa na Watson wa kumweleza mawazo yake, Batman hakuwa na mtu. Basi mwaka 1940, katika toleo la 38 la Detective Comics, akaingia Dick Grayson, mtoto wa sarakasi ambaye wazazi wake waliuawa wakiwa hewani kwenye bembea. Jina la Robin lilitoka kwa mchoraji kijana, Jerry Robinson, aliyekuwa anamfikiria Robin Hood, yule mwizi wa Kiingereza aliyepora matajiri akawapa maskini.

Wengi hawaioni kazi aliyopewa yule mtoto. Alipewa kazi ya kuuliza. "Umejuaje, Batman?" Akiuliza, Batman anajibu, na msomaji anaelewa. Bila swali lile shujaa ni bubu. Na alipewa kazi ya kuuza, maana wasomaji wengi walikuwa watoto wenye senti 10 mkononi, na mtoto akimwona mtoto mwenzake anaruka mapaa ya mji wa Gotham, senti haikai mfukoni. Waliokuwepo walisimulia kwamba mauzo yalipanda karibu maradufu. Nani alimbeba mwenzake hapo?

Sasa mtazameni alivyovikwa. Bwana mkubwa yuko kwenye kijivu na vazi la giza, amefunikwa hadi puani. Mtoto kavaa fulana nyekundu, joho la manjano, na kichupi cha kijani, miguu wazi, usiku, mbele ya majambazi wenye bunduki. Jamani! Ukiwa gizani na unataka kulenga mtu, utamlenga yupi? Najua ni rangi za kumvutia msomaji. Lakini ndani ya hadithi yule mtoto ni taa, na kwenye vita anayebeba taa ndiye anayepigwa kwanza.

Baada ya hapo kila duka likataka Robin wake. Mwanamume wa Moto akapewa Toro, Captain America akazaliwa na Bucky wake mwaka 1941, mpiga mishale Green Arrow akapewa Speedy mwaka huohuo. Utitiri. Watoto wanapelekwa vitani na watu wazima, na jamii inapiga makofi.

Fundi viatu wetu, ambaye huwa hachangii mpaka jambo limuume, akauliza: "Na watu weusi je?" Swali zuri, mzee wangu, na jibu lake chungu. Mwaka 1934 Lee Falk alianzisha Mandrake, mwanamazingaombwe wa kwenye magazeti, na pembeni yake akamweka Mwafrika anayeitwa Lothar. Lothar ni mwana wa mfalme. Alikuwa arithi kiti cha mataifa saba. Akaacha ufalme akamfuata Mandrake, akavalishwa ngozi ya chui na tarabushi, akapewa nguvu za kung'oa mti na Kiingereza cha kubabaisha. Hebu niambieni ni nchi gani mtoto wa mfalme anaacha mataifa saba ili akambebee mizigo mfanya mazingaombwe! Miaka ya 1960 walimrekebisha, wakamvua ngozi, wakamnyoosha lugha, na ni haki kusema hivyo. Lakini kwa miaka thelathini mizima watoto walisoma kwamba mfalme wa Kiafrika kilele chake ni kusimama nyuma ya mtu mwingine.

Kuna na Ebony White, wa Will Eisner, mwaka 1940, mtoto mweusi anayemsaidia shujaa The Spirit. Eisner alikuwa fundi, nadhani hakuna aliyejua kupanga ukurasa kuliko yeye enzi zile. Kwa hiyo inauma zaidi. Mkono uleule uliochora mvua ya mjini ikakufanya ujihisi umelowa, ulimchorea yule mtoto midomo kama kikaragosi cha matusi. Ufundi alikuwa nao. Alichagua kuutumia hivyo.

Lakini wakati mwingine macho ya watazamaji yanakataa mgawo waliopewa. The Green Hornet ilipoingia kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966, aliyecheza Kato, dereva na mtumishi wa bwana mkubwa, alikuwa Bruce Lee. Marekani mchezo ulidumu msimu mmoja ukafa. Hong Kong watu waliuita mchezo wa Kato. Wao walishaona stelingi ni nani, hawakuhitaji kusomewa majina. Sisi wenyewe humu kijiweni, nani anamkumbuka huyo Green Hornet? Lakini Bruce Lee hata muuza kahawa anamwiga na birika mkononi.

Sasa nifike pale panaponikera kuliko pote. Nisikilizeni vizuri.

Robin wa kwanza alipokua, wakamleta wa pili, Jason Todd, mwaka 1983. Mwanzoni walimnakili tu yule wa kwanza, naye mtoto wa sarakasi. Mwaka 1987 wakamwandika upya: mtoto wa mtaani, aliyedhaniwa yatima, aliyekutana na Batman akiwa anafungua magurudumu ya gari la Batman mwenyewe. Mimi nampenda kwa hilo peke yake. Lakini wasomaji wengi walimwona mjeuri, mkali, hana adabu kama yule wa kwanza. Mtoto wa mtaani wakamdai adabu za mtoto wa sarakasi aliyepakwa pakwa poda.

Mhariri, Dennis O'Neil, akakumbuka jambo aliloliona kwenye televisheni mwaka 1982: Eddie Murphy alishika kamba-kochi hai, akawaambia watazamaji wapige simu waamue, achemshwe au aachwe. O'Neil akaona hiyo inafaa. Mwaka 1988, katika hadithi iliyoandikwa na Jim Starlin na kuchorwa na Jim Aparo, Joker, adui wa Batman, akampiga Jason kwa mtaimbo, akamwacha na bomu. Na mnajua ilikuwa wapi? Ethiopia, jamani. Mtoto alikwenda huko kumtafuta mama yake mzazi, mfanyakazi wa misaada katika kambi ya wenye njaa. Akampata. Na mama ndiye aliyemkabidhi kwa muuaji. Bomu likalipuka, na nyuma ya toleo zikachapwa namba mbili za simu. Namba moja aishi, namba nyingine afe. Senti 50 kila simu. Michoro ya namna zote mbili ilishaandaliwa.

Waliotaka afe, 5,343. Waliotaka aishi, 5,271.

Tofauti ni 72! Abiria 72 hawajazi hata mabasi mawili ya mikoani. Na hakuna aliyemzuia mtu mwenye senti zake kupiga mara kumi. Kamba wa Eddie Murphy, kura zilimwokoa. Mtoto zilimuua.

Kijana wa bodaboda akaniambia, "Lakini mzee, si katuni tu?" Ni katuni, mwanangu, ndiyo. Lakini jiulize kwa nini hawakuweka namba ya simu ya Batman. Kampuni isingethubutu. Kura iliwekwa kwa mpambe kwa sababu mpambe ndiye anayeweza kupotea na duka likafunguliwa kesho yake kama kawaida. Na kabla ya kufa alifanya nini yule mjeuri asiye na adabu? Alijitupa mbele ya mama yake, yuleyule aliyemuuza, ili bomu limpate yeye kwanza. Halafu vazi lake likaja kuwekwa kwenye kabati la kioo pangoni kwa Batman, na bamba la kumwita askari mzuri. Askari! Mtoto aliyepaswa kuwa shuleni.

Na kifo chake kikamfaidisha nani? Kikampa Batman huzuni. Kwa miaka na miaka Batman akasimama mbele ya kile kioo akiuma meno, na waandishi wakaishi kwa hiyo huzuni. Captain America vilevile: mwandishi Stan Lee, ambaye hakuwapenda hawa watoto wapambe, alipomrudisha Captain mwaka 1964 akaeleza kwamba Bucky alikufa zamani vitani, na Captain akapata kidonda cha kulilia miaka arobaini. Hata maiti ya mpambe inaendelea kufanya kazi kwa bosi.

Bucky alirudishwa mwaka 2005, na Jason akarudi mwaka huohuo, ana hasira, anauliza swali moja la haki: kwa nini muuaji wangu bado yuko hai? Batman hana jibu la kunitosha mimi.

Aliyetoka salama, kwa maoni yangu, ni Dick Grayson, kwa sababu aliondoka. Mwaka 1984 alivua rangi za taa, akavaa zake, akajiita Nightwing, akawa anaongoza vijana wenzake wa Titans. Nawaheshimu watunzi wa hadithi hizo, Marv Wolfman na George Pérez, kwa kuelewa kwamba mtoto akikua hapewi kiatu cha baba, anapewa mlango. Na Sam Wilson, Falcon, Mmarekani mweusi aliyeingia mwaka 1969 kama mwenza wa Captain America na kupandishwa jina hadi kichwani mwa jarida, alisubiri hadi mwaka 2014 ndipo akakabidhiwa ngao ya Captain. Miaka 45. Sipigi makofi sana, lakini ngao kaishika.

Kulikuwa na saidia fundi mmoja kaketi pembeni, saruji bado kwenye nyusi, alikuja kwa kahawa ya haraka maana zege lilikuwa linamsubiri. Akauliza, "Na yule Bill Finger uliyemtaja mwanzo, yeye alipata nini?"

Huyo ndiye aliyenileta kwenye hasira yangu yote. Bob Kane alikuja na wazo la mtu wa popo, na akakubaliana na kampuni jina lake liandikwe peke yake kama muumbaji. Finger ndiye aliyesema mbawa ngumu ziwe joho, barakoa ipate masikio, rangi ziwe za giza. Finger ndiye aliyempa jina la Bruce Wayne, na mji akauita Gotham. Akaandika hadithi miaka na miaka. Alifariki mwaka 1974 bila jina lake kukaa hata mara moja kwenye mstari ule wa muumbaji. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, ulitoka wasifu wake wa Marc Tyler Nobleman, na kichwa chake kilimwita kwa sifa ileile anayoitwa Robin, mtoto wa maajabu. Aliyemtungia bosi mtu wa kuzungumza naye, kumbe alikuwa anajiandika mwenyewe.

Mwaka 2015, miaka 76 baada ya Batman kutoka, kampuni ikakubali kumtaja. Nilipouona mstari wenyewe nilifurahi, halafu nikausoma tena taratibu. Haukusema Bob Kane na Bill Finger. Ulisema Batman ameumbwa na Bob Kane, akiwa pamoja na Bill Finger.

"Akiwa pamoja," saidia fundi akarudia, akamaliza kikombe, akarudi kwenye zege.