M Mbili za Majaketi

Sisi watu wa Tunduma hatuogopi lugha. Tuna Kinyamwanga cha nyumbani, Kibemba cha kuvukia mpaka hadi Nakonde, Zambia, na Kiswahili cha kukopea. Kwa hiyo nilipoanza kuagiza nguo Laleli, kule Istanbul, sikuona sababu ya kumlipa mkalimani. Nikajifundisha Kituruki kwenye simu, nimekaa dukani.

Nilikiona ni Kiswahili kilichoingia getini kinyumenyume. Sisi husema ni-na-chukua. Wao al-ıyor-um, yaani chukua-na-ni. Kitenzi ndicho kichwa cha lori, viambishi ni matela, na siku mbaya foleni kutoka mpakani inafika hadi kule Mpemba. Ile m ya mkiani ndiyo mimi. Hata "afande" wetu ametokana na efendi wao; ukiongeza m unapata efendim, bwana wangu. Sasa hapo kigumu nini?

Mei, kabla ya kipupwe, nikamwandikia muuzaji kwamba nachukua majaketi 60. Lakini m iliyojibanza mwisho haikuniridhisha. Mswahili hutanguliza nafsi. Nikapachika m nyingine huku mbele na ile ya nyuma nikaiacha, ili bwana yule asiwe na shaka anayenunua ni nani: almıyorum.

Kumbe m ikiganda kwenye shina la kitenzi inakanusha. Nilikuwa nimemwambia "sichukui". Akauliza kama nina hakika. Nikarudia mara tatu, ya mwisho kwa herufi kubwa.

"Si" yetu hukaa mlangoni. Mtu akikukatalia unajua kabla hajavuta pumzi. Ya Mturuki imo kwenye tela la kwanza, limefunikwa turubai.

Juni baridi ikashuka, wateja wakaja wanatetemeka, nami nikawauzia fulana mbilimbili.

Tulipoelewana, mzigo ukapakiwa melini. Septemba akaandika: "Mal gelmiş." Hiyo -miş, nikajua baadaye, hubandikwa na asiyeshuhudia kwa macho yake: mzigo umefika, wanasema. Kiambishi hicho ni cha kwetu kabisa, sijui kilifikaje Uturuki kabla ya kupita Tunduma! Kwacha imepanda-miş. Mtandao wa forodha umerudi-miş. Jirani yangu anayebadilisha fedha angekuwa nacho, nusu ya ugomvi wake na wateja usingekuwapo.

Majaketi yaliingia dukani Oktoba, jua likipasua vichwa. Hilo nimeliona mwenyewe. Saizi zote zipo, bei inazungumzika. Karibuni.