Barua ya Wazi kwa Menejimenti ya Ndege za Bei Nafuu Kuhusu Kilo Saba

Kwa Menejimenti,
Mashirika ya Ndege ya Bei Nafuu,
Njia za Afrika Mashariki, Ghuba na Kwingineko.

YAH: OMBI LA KUSAJILIWA KWA CHAMA CHA AKIBA NA MIKOPO YA KILO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Abiria wa masafa marefu wanaipongeza Menejimenti kwa kuusogeza usafiri wa anga karibu na mfuko wa mwananchi, na wanakiri bila kulazimishwa kwamba yasingekuwepo mashirika ya aina hii, wengi wao wangeijua Dubai, Istanbul na Guangzhou kwa kusimuliwa tu. Pongezi hizi zimetangulizwa kwa sababu ndivyo desturi ya barua za kiofisi inavyotaka, na pia kwa sababu pongezi hazina uzito, hivyo hazitozwi.

Jambo lenyewe ni mizani. Haikusudiwi ile ya kaunta ya kukabidhi mizigo, ambayo abiria huiendea akiwa amejiandaa kwa moyo na kwa pochi, bali ile ndogo inayotegwa kwenye lango la kuondokea, yaani kituo cha mwisho kabla ya kuingia ndegeni, baada ya pasipoti kugongwa muhuri, baada ya ndugu waliosindikiza kupanda daladala kurudi kwao, na baada ya kila njia ya kurudisha kitu nyumbani kufungwa. Hapo ndipo mzigo wa mkononi, ambao kwa mengi ya mashirika haya haupaswi kuzidi kilo 7, hupimwa mbele ya foleni nzima. Na hapo ndipo mtu mzima mwenye heshima zake, pengine mama wa watu au mwalimu mstaafu, huchutama sakafuni, akafungua zipu, akazitoa hadharani nguo za ndani alizozikunja kwa siri, kisha akavaa koti juu ya koti katika joto la Dar es Salaam ili begi lipungue kutoka kilo 9 hadi 7. Mizani huridhika. Koti, mwenye koti na begi huingia katika ndege ile ile, na uzito unaobebwa na mabawa haujapungua hata gramu moja.

Ingekuwa rahisi kuamini kwamba zoezi hili linahusu usalama, kama hesabu za urubani zisingekuwa wazi kiasi hiki. Boeing 737-800, ambayo hutumika sana katika njia hizi, inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa juu wa takriban tani 79, na anayeandaa hesabu ya uzito huo hampimi abiria mmoja mmoja, bali hutumia uzito wa kukadiria, yaani wastani uliokubaliwa kisheria. Kanuni za Ulaya, kwa safari za kawaida za ndege zenye viti 30 au zaidi, humhesabu kila mtu mzima kuwa na kilo 84, na kiasi hicho tayari kinajumuisha mzigo wake wa mkononi. Kwa hesabu hiyo, binti wa kilo 48 mwenye begi la kilo 9 amelizawadia shirika kilo 27 ambazo ziko kwenye karatasi tu, na ndiye anayesimamishwa langoni. Bwana wa kilo 110 mwenye begi la kilo 7 amevuka wastani kwa kilo 33, naye hupita akitakiwa safari njema. Hakuna anayemlaumu bwana huyo. Wastani ni wastani, na ndege huruka salama wote wawili wakiwamo.

Kinachopimwa langoni, basi, ni kile ambacho wahasibu wa sekta hii hukiita mapato ya ziada, yaani fedha zipatikanazo nje ya nauli: mzigo, kiti cha kuchagua, chakula, foleni ya haraka. Mwenye mfano wa zamani unaojulikana zaidi katika masafa marefu ni Freddie Laker wa Uingereza, ambaye Septemba 1977 alianzisha Skytrain kati ya London na New York kwa nauli ya pauni 59 kwenda tu, chakula kikinunuliwa kando, na ambaye shirika lake lilifilisika Februari 1982. Laker aliuza chakula. Warithi wake wakagundua kwamba njaa huvumilika, ilhali aibu hulipiwa papo hapo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la mwaka 2014 lililohusu shirika la Vueling la Hispania, ilisema kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya usafiri wa abiria na usitozwe ziada, ilimradi uzito na ukubwa wake ni wa kuridhisha, na tangu hapo kila shirika limekuwa na uhuru wa kuridhika na kidogo zaidi.

Kwa kuwa Menejimenti imeazimia kuishi kwa kilo, abiria wanaomba nao waishi kwa kilo. Mifano ipo: mwaka 2013 shirika dogo la Samoa Air lilikuwa likitoza nauli kwa kila kilo ya mwili na mzigo kwa pamoja, na mwaka 2023 Air New Zealand iliwapima abiria waliokubali kwa hiari, pamoja na mabegi yao, ili kusahihisha wastani wake. Inaombwa kwa heshima, kwa hiyo, kwamba kisajiliwe Chama cha Akiba na Mikopo ya Kilo, kitakachoendeshwa kwa taratibu zile zile ambazo wanachama wa SACCOS na VICOBA wa Afrika Mashariki wamezizoea kwa fedha.

Kila abiria atakapokata tiketi atafunguliwa akaunti ya kilo 84. Atapimwa mara moja pamoja na begi lake, nyuma ya pazia, na mtu mwenye adabu, na kilo zitakazopungua zitaingizwa kwenye akiba yake na kugongwa muhuri katika kitabu cha mwanachama. Akiba hiyo haitatolewa kwa fedha taslimu, bali itatumika kwa mizigo ya mwanachama mwenyewe au itakopeshwa kwa ndugu, jamaa na marafiki, na hata kwa asiyejulikana, mradi awe na wadhamini wawili waliokaa safu moja naye. Kiwango cha juu cha mkopo kitakuwa mara tatu ya akiba, kama ilivyo ada, na riba itakuwa gramu 100 kwa kila kilo kwa kila safari. Mkopaji atakayeshindwa kurejesha atatakiwa kupungua yeye mwenyewe, chini ya usimamizi wa kamati ya mikopo, kabla ya kuruhusiwa kukata tiketi nyingine.

Uongozi utakuwa wa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na katiba itaelekeza kwamba mweka hazina awe mwembamba, kwa kuwa mnene hatakosa kushukiwa kwamba amekula akiba za wanachama. Mkutano mkuu wa mwaka utafanyika angani, juu ya Bahari ya Hindi, katika ile nusu saa ambayo kwa sasa hutumika kuuza manukato na saa za mkononi kwa watu waliokwishalala. Akidi itatimia bila shida, kwani hakuna mwanachama atakayeweza kutoka. Patakuwa na dirisha la upatu, ambamo kila mwezi wanachama kumi watamkusanyia mmoja wao kilo zao zote, leo mfanyabiashara wa Kariakoo anayerudi kutoka Guangzhou, kesho bibi harusi mwenye sanduku la vyombo. Kamati za harusi, ambazo hakuna mtu aliyewahi kufanikiwa kuzikwepa, zitaruhusiwa kugawa kadi za michango kwa kilo: mwaliko wa wawili kilo 10, wa mmoja kilo 5, na ahadi isiyotimizwa ifuatiliwe kwa simu kila jioni. Waumini watakaotaka kutoa zaka kutoka katika akiba zao wataelekezwa kwa wanafunzi wanaokwenda masomoni na mabegi ya vitabu, ambao katika mfumo uliopo hulipia elimu mara mbili, mara ya pili langoni.

Ibara ya mirathi imeisumbua kamati ya muda zaidi ya ibara nyingine zote. Akiba ya mwanachama aliyefariki itagawiwa warithi wake, hilo halina ubishi. Ugumu ni kwamba katika njia hizi marehemu mwenyewe huendelea kuwa na uzito. Maiti husafirishwa kama shehena, na mara nyingi hutozwa kwa kilo, jeneza likiwamo. Mfanyakazi wa ndani aliyekwenda Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili na kurudishwa ndani ya sanduku la mbao anaweza kuwa mtu yule yule ambaye, alipokuwa akiondoka, aliambiwa kwamba unga wa muhogo na dagaa alivyofungiwa na mama yake vimezidi kilo mbili na ni lazima viachwe.

Na wale wanaorudi wazima, wanaorudi na nini? Wanarudi na blanketi zito, viatu vya watoto ambao miguu yao imekua kuliko vipimo walivyotumiwa kwa simu, maziwa ya unga, udi, na pengine televisheni ndogo iliyoviringishwa kwenye mashuka. Menejimenti inawafahamu vizuri watu hawa, kwa sababu nauli ilipangwa kwa ajili yao na ratiba ya saa nane za usiku ilipangwa kwa ajili yao. Inafahamu pia kwamba mwanamke aliyesimama miaka miwili katika jiko la mtu mwingine hatakuwa na kadi ya benki, na bado mashine iliyoko langoni haipokei fedha taslimu. Anaambiwa achague, mbele ya watu 180, kati ya viatu vya mwanawe na blanketi, akiwa na dakika kumi, kwa lugha ambayo hakuulizwa kama anaielewa, na kinachobaki hutupwa kwenye pipa lililowekwa hapo makusudi. Pipa hilo liliagizwa na mtu, likanunuliwa, likapimwa lilingane na kazi yake. Huo si uendeshaji wa ndege. Ni unyang'anyi uliovishwa sare na kufundishwa kutabasamu.

Menejimenti inaombwa radhi. Kamati inarejea kwenye ajenda.

Yapo maombi mengine madogo ambayo yanaweza kushughulikiwa bila kuitisha kikao. Maji ya kunywa yatolewe bure kwa abiria anayemeza dawa, hata kama hana cheti cha daktari. Mtoto wa miaka minne asipangiwe kiti safu kumi mbali na mzazi wake ili mzazi anunue haki ya kumfunga mkanda. Nafasi kati ya kiti na kiti, ambayo hupimwa kutoka nukta moja ya kiti hadi nukta ile ile ya kiti kinachofuata, na ambayo katika ndege hizi huwa kati ya inchi 28 na 30, itangazwe kwenye tiketi kwa maandishi makubwa kama yanayotumika kutangaza nauli; na kwa kuwa baadhi ya mashirika ya bei nafuu ya Asia yameweza kupanga viti 9 kwa safu katika Airbus A330, ambayo kwa kawaida huwa na 8, abiria wangependa kufahamishwa mapema pale kiti cha 10 kitakapogunduliwa.

Kuhusu ucheleweshaji, Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 261 ya mwaka 2004, kama ilivyofafanuliwa na mahakama, humpa abiria anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi katika safari inayozidi kilomita 3,500 fidia inayoweza kufikia Euro 600, iwapo shirika halina sababu isiyoepukika. Dar es Salaam na Dubai zimetengana kwa takriban kilomita 4,000, kwa hiyo zinatimiza sharti la umbali. Kosa lao ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo uliojengwa Ulaya. Haiombwi kwamba bara lihamishwe. Inaombwa tu kwamba abiria aliyelala sakafuni usiku kucha apewe chai, na kwamba anapoambiwa ndege imechelewa kwa sababu za kiuendeshaji, aambiwe pia ni nani alikuwa akiiendesha.

Rasimu ya katiba, fomu za kujiunga na orodha ya wanachama waanzilishi zitaletwa pindi Menejimenti itakapotaja dirisha la kuzipokelea, pamoja na kiwango cha juu cha uzito wa jalada.

Wenu katika ujenzi wa mapato ya ziada,

Kamati ya Muda,
Chama cha Akiba na Mikopo ya Kilo.

Nakala: Mhudumu wa mizani, lango la kuondokea (kwa taarifa tu, naye ana mkataba wa miezi mitatu mitatu).