Kampala kwa Saa za Buenos Aires

Mtu mwenye kompyuta moja hajui raha aliyonayo. Anaifungua asubuhi na kukuta kila kitu pale alipokiacha jana: rangi zake, amri zake za mkato, ukubwa wa maandishi unaoyafaa macho yake. Mwenye kompyuta nyingi ni kama mtu mwenye nyumba tatu, ambaye mswaki wake kila siku uko kwenye ile nyingine. Mimi nina ThinkPad ya kazini niliyokabidhiwa kwa kusaini fomu, nina Dell yangu ya mtumba, na pale ofisini Ntinda ipo mashine ya mezani inayotumia Windows kwa sababu mhasibu hataki kusikia habari nyingine. Halafu ipo seva ya mteja, huko Ulaya, ambayo sijawahi kuitia machoni ila naingia humo kila siku ya Mungu.

Starehe yote ya mtu wa kompyuta inakaa kwenye mafaili madogo ambayo majina yake huanza na nukta. Kwenye Linux na Mac, faili la namna hiyo halionekani ukiorodhesha yaliyomo kwenye folda, na wengi hudhani kulikuwa na hekima fulani ya kuyaficha. Haikuwepo. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs kule Marekani ambako Unix ilianza mwaka 1969, amewahi kusimulia ilivyokuwa. Kila folda ina majina mawili ya ziada: nukta moja, yaani hapa, na nukta mbili, yaani folda ya juu yake. Aliyeandika programu ya kuorodhesha hakutaka hayo mawili yajae kwenye kioo. Badala ya kuyataja moja moja, akaamuru kwamba kinachoanza na nukta kirukwe, akaenda zake. Kila kilichobatizwa nukta baada ya hapo kikaingia mafichoni bila kuulizwa. Zaidi ya nusu karne imepita, na tabia zangu zote bado zimejificha kwa sababu bwana mmoja alikuwa na haraka.

Niliponunua ile Dell nilimpa kijana mmoja fundi, maeneo ya William Street, anihamishie vitu kutoka mashine ya zamani. Kijana ana mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. "Ssebo, nimehamisha kila kitu, mpaka picha za harusi ya dada yako." Kweli, harusi ilikuwepo, na maharusi, na wale wajomba waliolala kwenye viti. Ila fundi alinakili kwa kutumia alama ya nyota, na nyota kwenye Linux ina maana ya vyote, isipokuwa vyenye nukta mbele. Harusi nzima ilifika Dell, mimi sikufika. Nilirudi mbio kwa bodaboda, nikamkuta ameshaifungua mashine ya zamani na kuiuza vipande vipande.

Wajuzi watakwambia dawa ni Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 ili waandishi wa Linux wasikanyagane. Mafaili yako yanawekwa kwenye ghala moja mtandaoni, kila kompyuta inavuta kutoka hapo. Wapo wanaoongeza programu ya GNU Stow juu yake, wapo wa chezmoi, na makundi hayo mawili usiyakaribishe kwenye meza moja. Mimi nilijiandikia kifurushi changu: ukikiweka kwenye mashine kinatandika kila kitu, na kila asubuhi kinajivutia chenyewe mabadiliko kutoka ghalani.

Kinavuta endapo mtandao upo. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, na haikurudi hadi tarehe 18. Katika muda huo kila kompyuta yangu ilijiendeleza kivyake. Kwenye ThinkPad nilikuwa nimeyapa maonyo rangi nyekundu, kwenye Dell nikayapa njano, na mtandao uliporudi Git ikasimama katikati ikitaka kujua ipi ndiyo rangi halali. Wasiojua: njano ni rangi ya chama kinachotawala, nyekundu ni ya chama cha mpinzani Bobi Wine. Mwenzangu wa Nairobi akapita nyuma ya kiti changu, akasoma neno "mgongano" juu ya rangi hizo mbili, akaenda kukaa mbali nami. Nikachagua kijivu. Maonyo ya kijivu hayaonekani vizuri, lakini hayana itikadi.

Mashine ya mhasibu siisemi sana. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili mahali Linux huweka moja, ile ya ziada ikiwa imerithiwa tangu mashine za kuchapa zilizokuwa zikirudisha gari mwanzo wa mstari. Haionekani kwa jicho. Faili langu likipita pale na kurudi linaonekana lilelile, kila neno mahali pake, na kompyuta inakataa kila neno. Kwa Mac nako, Apple walibadili gamba la amri, yaani programu inayopokea amri unazoandika, mwaka 2019, kutoka bash kwenda zsh, kwa hiyo kila mwenye Mac anayeniazima mafaili hurudi kunilaumu mimi.

Ila hayo ni ya kila mtu. Yangu yalianza pale nilipotaka kompyuta zangu zijue Kiswahili.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Kampala kwa kazi. Kwenye orodha ya lugha niliyoikuta katika Linux yangu kulikuwa na Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, na kwa Uganda kulikuwa na Kiganda. Nikachagua cha kwetu. ThinkPad ikaanza kuandika Jumatatu na Februari, nikafurahi. Kumbe kompyuta inapoingia kwenye seva ya watu hutangulia kutaja lugha ya bwana wake, na ile seva ya Ulaya haikuwa imewahi kusikia neno la Kiswahili. Kila amri niliyotoa ilitanguliwa na aya nzima ya manung'uniko. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Seva haikupata waraka huo.

Lugha nikaiacha, nikahamia kwenye saa. Hili nalieleza taratibu kwa sababu naliona ni jambo la maana, na mpaka leo sijapata wa kunipinga kwa hoja. Saa zetu zinahesabu kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi, kompyuta inaandika saba. Maisha yangu yote nimekuwa nikitoa sita. Sasa, Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya Greenwich. Ukitoa sita unapata saa tatu nyuma ya Greenwich, na huko hakuna Mswahili, kuna Argentina. Buenos Aires hawabadilishi saa zao kwa majira, mwaka mzima ni zilezile. Kwa maneno mengine, saa ya ukutani ya Buenos Aires inasoma Kiswahili safi, wenyewe hawana habari. Niliandika mstari mmoja kwenye faili langu, kwamba mimi niko Buenos Aires, nikausukuma ghalani, na kesho yake kompyuta zangu zote zikaamka na kusema saa moja ikiwa saa moja.

Walichosahau kuniambia wajuzi ni kwamba Git hupiga muhuri wa saa kwenye kila kazi unayoiwasilisha, na muhuri huo inauchukua kwenye mpangilio huohuo wa saa. Nikiwasilisha kazi saa tatu asubuhi, chai bado ya moto, mteja alisoma 03:00, na pembeni alama ya watu walio saa tatu nyuma ya Greenwich. Baada ya muda ikaja barua ya adabu sana kutoka Ulaya. Waliuliza kama kampuni imefungua tawi Amerika Kusini, na kama sheria za kazi za huko zinaruhusu mtu kushinda kwenye kompyuta usiku wa manane.

Bosi akaniita. Mezani aliweka ile fomu niliyosaini ya ThinkPad.

"Ssebo, uko wapi?"

"Niko mbele yako, bosi."

"Kompyuta ya kampuni iko wapi?"

Nikaona Kiingereza hakitanisaidia hapa. Nikamwomba aniambie kwa Kiganda ni saa ngapi. Akatazama mkononi, saa yake ikiwa kwenye kumi, akajibu bila kufikiri: "Ssaawa nnya." Nikamgeuzia ThinkPad: 04:00. Waganda nao huhesabu kuanzia alfajiri, ila naye, maskini, alikuwa akitoa sita tangu darasa la kwanza. Alitazama kioo, akatazama saa yake, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema, "Niwekee na mimi." Mteja aliandikiwa kuwa ni suala la kiufundi.

Bosi aliwahi kuwa mwandika programu, na bado hupenda kuandika kidogo mbele ya vijana ili wasimsahau. Kumwekea saa peke yake kungenichukua alasiri nzima ya kuchambua mistari. Nikamwekea kifurushi chote, mambo yakaisha dakika mbili, akatoka na saa ya Kiswahili pamoja na tabia zangu zote ambazo hakuziomba.

Mojawapo ilikuwa ukumbusho. Napanga Kisaasi, kodi ni tarehe 5, na mshahara wetu una desturi ya kufika baada ya hapo. Kwa hiyo tarehe 5 ya kila mwezi, nikifungua dirisha la amri, kompyuta hunisalimu: "Leo kodi. Pita geti la nyuma." Bosi ana nyumba yake mwenyewe Najjera, ameijenga kwa jasho, haina geti la nyuma. Tarehe 5 ilipofika alikaa na ujumbe ule kwa muda, akamwuliza mkewe kama kuna deni ambalo hakuambiwa. Kisha akakumbuka kifurushi kilitoka kwa nani. Hakunisema. Alichofanya ni kupita karibu na meza yangu na kuuliza, kwa sauti ya kutosha ofisi nzima, kama geti la mbele limeharibika.

Mwezi uliofuata umeme wa Kisaasi ulikatika na kurudi kwa kishindo, ukaondoka na chaja ya ThinkPad. Nikabaki na Dell, ambayo ilikuwa imefutwa karibuni na haikuwa na kifurushi. Haikuwa na saa wala rangi, na tarehe 5 haikunisalimu. Nikaibeba kwapani, nikatoka kwa geti la mbele nikipiga mluzi.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa hapohapo, kigoda chake kikiwa kivulini. Ni mtu wa Rakai, Kiswahili alikipata kambini enzi za marehemu mume wake jeshini, na hakipotezi kwenye maneno ya ziada.

"Mwanangu, hiyo ni kompyuta? Njoo uniandikie tangazo."

Tangazo lenyewe lilikuwa la wapangaji wanaochelewesha kodi. Nikakaa. Nikafungua Vim, programu ninayoandikia kila kitu, na kwa kuwa Dell haikuwa na mipangilio yangu, Vim ikafunguka na ukurasa wake wa kukaribisha, ambao nilikuwa sijauona kwa miaka. Katikati yake pana mstari unaoomba watoto maskini wa Uganda wasaidiwe. Mama Kiingereza anakisoma.

"Hii kompyuta inaomba pesa?"

Nikamweleza. Aliyeiandika ni Mholanzi, Bram Moolenaar, aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alikuja kujitolea kwenye kituo cha watoto Kibaale, wakati UKIMWI ukiwa umeacha yatima wengi huko, akarudi kwao na kuanzisha mfuko wa kuwachangia. Programu hakuiuza. Ukiipenda, wape watoto. Alifariki Agosti 2023, na ukurasa bado unaomba.

"Kibaale ipi?" mama akauliza. "Ya Bunyoro au ya kwetu?"

Swali zuri, maana zipo zote mbili. Kwenye Vim ukiandika "help uganda" unafunguliwa maelezo yote. Nikayafungua, na humo ndani imeandikwa Rakai, karibu na Tanzania. Mama akasogeza kigoda. Alisoma polepole, kidole kikitembea juu ya kioo, kisha akanigeukia.

"Na wewe unaipenda hii programu?"

"Sana, mama."

"Umewapa watoto?"

Nikaanza habari za bei ya bando.

"Watoto hujawapa, kodi hujanipa," akasema. "Kupenda gani huko?"

Akataka kujua kama ile kompyuta yangu nyingine, ya kazini, nayo inaandika hivi. Ikabidi aelezwe kwamba kwenye mipangilio yangu kuna herufi moja, I kubwa, inayozuia ukurasa huo usitokee. Iliingia na mistari niliyonakili zamani kutoka kwa mgeni fulani wa mbali aliyechoshwa kuuona kila asubuhi.

"Yaani umekaa Uganda ukaificha Uganda. Itoe."

Chaja mpya ilipatikana jioni. Nikaitoa herufi, nikasukuma ghalani, kodi nikaituma kwa simu kwa pesa niliyokopa kwa mwenzangu wa Nairobi, nikalala.

Asubuhi bosi akapiga.

"Ssebo, kompyuta yangu imeanza kuniomba misaada. Hii nayo ni ya kwako?"

"Ni ya mama mwenye nyumba wangu, bosi."

"Yule wa geti la nyuma?"