Mheshimiwa, Ukiulizwa Kuhusu Maandamano ya Ngorongoro

Kabla hujashika kipaza sauti, lifute kwanza neno "wachache". Tarehe 18 Agosti 2024 maelfu ya Wamaasai walijitokeza kwenye barabara inayotoka Karatu kwenda Serengeti, magari ya watalii yakasimama. Dereva aliyekwama pale na wageni wake aliuona umati kwa macho yake. Jioni akisikia redioni kwamba walikuwa wachache, hatakuamini tena hata siku utakaposema kweli.

Halafu usimtafute mchochezi. Orodha huwa tayari mezani: asasi fulani, mwanaharakati fulani, jirani kutoka Kenya. Iweke pembeni, usome Tangazo la Serikali Na. 673 la tarehe 2 Agosti 2024. Kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vilifutwa kwa karatasi hiyo. Mtu aliyezaliwa Ngorongoro akaambiwa kituo chake cha kupigia kura kiko Msomera, Handeni, walikokuwa wakihamishiwa wakazi wa Ngorongoro. Bibi anayeona kijiji chake kimefutwa na huduma za jamii zinapungua mwaka hadi mwaka, unadhani anangoja mtu wa kumchochea?

Watazame waandamanaji na mikononi: walishika majani. Kwa Mmaasai, kushika majani ni kuomba amani. Ukimwita mvunja amani aliyekuja na majani, umemtukana, na wazee watakumbuka.

Kukanusha nako hakusaidii. Juni 2022 Loliondo, mipaka ya hifadhi ilipokuwa ikiwekwa kwenye kilomita za mraba 1,500, wananchi walipigwa risasi, askari polisi akauawa kwa mshale, na majeruhi wakavuka mpaka kutibiwa Kenya. Maneno ya kukanusha yaliyotoka Dodoma hayakuponya jeraha hata moja. Nalisema hili kwa uchungu: wote wale, askari na mfugaji, walikuwa raia wetu.

Sasa la kufanya. Nenda. Tarehe 22 Agosti 2024 Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha lile tangazo, na kesho yake Waziri William Lukuvi akafika Ngorongoro, akasimama mbele ya wananchi na kuwaeleza kuwa Rais amemtuma, huduma zitarudi na watapiga kura palepale. Watu walimsikiliza, kisha wakaondoka barabarani. Hakuna bomu la machozi ambalo lingefanya kazi hiyo.

Ila ukiahidi, rudi. Tarehe 1 Desemba 2024 Rais Samia alikutana na viongozi wa Kimaasai Arusha na kuahidi tume mbili, moja ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama. Kwa hiyo hotuba yako ijayo Ngorongoro ianzie hapo: tume zimekuta nini, nani atarudishiwa nini, lini. Yasemwe kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, kisha umpe kipaza sauti yule bibi, nawe ukae chini mpaka amalize.