Barua Iliyoruka Seng'enge

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu katika shule moja ya bweni huko Embu. Muhula huu alifukuzwa kwa kuruka seng'enge usiku akafuate chapati, na sharti la kurudi lilikuwa barua ya kuomba msamaha, tena kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyetumwa kumrudisha, kwa sababu nina miwani, na ukoo mzima unaamini mwenye miwani anajua Kiingereza.

Tukapanda matatu Meru mjini. Hatujafika Nkubu, nikaifungua barua na kusoma kwa sauti: "Hunger made me to want to try to jump the fence."

Mzee aliyeketi nyuma yangu, mwalimu mstaafu kwa jinsi alivyokohoa, akanyoosha shingo. "Kijana, hiyo 'to' ya kwanza itoe. 'Make' haiitaki."

"Na 'want', mwalimu?"

"'Want' bila 'to' haiendi popote. 'Try' vilevile."

Makanga, akining'inia mlangoni, akauliza 'make' imejifanya mheshimiwa tangu lini. Mwalimu akafafanua: 'let' nayo haiitaki, 'help' hukubali yote mawili, lakini 'make', ukimtanguliza aliyetendwa, 'to' hurudi: "I was made to want." Gari zima likanyamaza. Makanga akasema hata kesi ya shamba mbele ya wazee wa Njuri Ncheke haina kona kama hizo, na kona anazijua, maana tulikuwa tukiteremkia mto Thuchi.

Ng'ambo ya mto tukaingia mstari wa pili: "The watchman caught and took to the office."

"Alipeleka nini ofisini?" akauliza mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi. "Seng'enge?"

Kicheko kilitufikisha Runyenjes. Lakini mtoto nilimwelewa. Kwetu mtendwa hulala ndani ya kitenzi: alinishika, akanipeleka. Huwezi kumsahau garini kama mwavuli. Mwingereza humtoa nje asimame peke yake, na mwenye njaa ana mengine ya kukumbuka. Hizo 'ku' zetu nazo, nilitaka kujaribu kwenda kuruka, zipange hata tano, hakuna kitenzi kitakachonuna.

Nikamkumbusha mwalimu kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imevifanya Kiswahili na Kiingereza vyote kuwa lugha rasmi, kwa hiyo chapati ingeweza kuombewa msamaha kwa Kiswahili. Akanijibu kwamba Katiba haisahihishi karatasi za mtihani wa KCSE. Hapo sikuwa na la kusema.

Barua tukaiandika upya juu ya paja langu, 'to' moja ikashuka, 'me' mmoja akapanda. Shule ikampokea kijana, na wiki iliyofuata nikaletewa majibu rasmi, yenye muhuri: "This is to let you to know that he has been forgiven."

Nawe msomaji, kama una kalamu nyekundu, tafadhali iache mfukoni. Mtoto ameshakubaliwa darasani.